Uhamaji wima: namna mwani usioonekana unavyopita mchangani

Maji yakipwa mchana, kwenye fukwe nyingi za mchanga utaona mabaka ya rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na dhahabu yakijitokeza juu ya mchanga ulio na unyevu. Kabla maji hayajarudi, mabaka hayo hupotea. Watu wengi hudhani ni uchafu au mafuta. La, ni diatomu, mwani wa seli moja, uliopanda juu kuota jua na sasa unashuka kujificha. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoitwa uhamaji wima.

Sababu yake ni mwanga. Mchanga huupitisha kwa milimita 2 au 3 tu. Chini ya hapo ni giza. Lakini diatomu ikibaki juu maji yakijaa, mawimbi yataizoa.

Diatomu haina miguu wala mkia. Imefungwa ndani ya ganda la silika, madini yanayotengenezea kioo, na zile zinazotembea zina ufa mwembamba unaofuata urefu wa ganda. Seli hutoa ute kupitia ufa huo, ute ukanata kwenye chembe ya mchanga. Ndani, aktini na miosini, protini zile zile zinazokaza misuli yetu, huuvuta ute kuelekea nyuma, na seli ikateleza mbele. Mwendo wake ni kama mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, kwa sekunde. Kwa njia iliyonyooka, milimita 1 ingeisha kwa dakika 2 hivi, ila humo mchangani hakuna njia iliyonyooka: ni kuzunguka chembe moja baada ya nyingine.

Ajabu kubwa ni jinsi zinavyojua saa. Wanasayansi John Palmer na Frank Round walichunguza diatomu aina ya Hantzschia katika bandari ya Barnstable, jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1967. Walichukua mchanga wakauweka maabara, kwenye mwanga usiozimwa, pasipo maji kujaa wala kupwa. Diatomu ziliendelea kupanda na kushuka, kila siku zikichelewa kwa dakika 50 hivi, sawasawa na maji ya bahari ziliyoiacha. Maji kupwa yaliposogea hadi jioni, ziliyaacha zikahamia yale ya asubuhi. Yaani kiumbe wa seli moja hubeba ndani yake saa ya bahari na saa ya jua kwa pamoja!

Si kila safari ni ya hiari, lakini. Mchanga, tofauti na tope, hupitisha maji. Mkondo ukigonga kijituta cha mchanga chini ya bahari, maji husukumwa ndani upande unaokabili mkondo na kutokea karibu na kilele, nayo yakiingia hubeba mwani hadi sentimita kadhaa chini. Minyoo na kaa wanaochimba nao huuzika.

Huko hakuna mwanga, na mara nyingi hakuna oksijeni. Hata hivyo mwani huo haufi upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba diatomu aina ya Amphora coffeaeformis huweka akiba ya nitrati, kemikali yenye nitrojeni na oksijeni, ndani ya seli na kuitumia kupumua badala ya oksijeni. Akiba hiyo huisha haraka, ila huipa seli muda wa kujiandaa kwa usingizi mrefu, hadi mawimbi yatakapoufukua mchanga.