Kwa nini mchawi wa Dungeons & Dragons husahau afsuni yake akishaitumia?

Alfajiri, kabla kundi halijashuka shimoni, mchawi anafungua kitabu chake na kuanza kukariri afsuni, yaani maneno ya uchawi. Kichwa chake kina nafasi chache, kwa hiyo lazima achague: leo abebe tufe la moto, au afsuni ya kuruka angani? Akichagua tufe la moto, atalirusha mara moja tu. Litalipuka, maadui wataungua, na papo hapo maneno yake yatafutika kichwani mwake. Kama alitaka kulirusha mara mbili, ilimpasa alikariri mara mbili.

Hivyo ndivyo uchawi ulivyofanya kazi katika Dungeons & Dragons kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa asiyewahi kuketi kwenye meza ya mchezo huu: wachezaji kadhaa hujifanya mashujaa, kila mmoja na mhusika wake, mmoja wao huwa mwendesha mchezo anayesimulia dunia na kuamua maadui wanafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, hurushwa dadu. Neno «mchawi» nalitumia kwa kukosa lingine. Kwetu mchawi ni mtu wa kuogopwa usiku. Yule wa mchezoni ni msomi mwenye vitabu, dhaifu wa mwili, ambaye silaha yake ni kile alichokisoma.

Sasa, msomi gani husahau somo kwa sababu amelitumia? Swali hilo huulizwa na karibu kila mchezaji mpya, na limezua ubishi usioisha tangu mchezo ulipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Jibu la kwanza liko katika riwaya. Mwaka 1950 Jack Vance, mwandishi wa California, alitoa The Dying Earth, hadithi za dunia iliyozeeka ambako jua linakaribia kuzimika. Wachawi wake hushindilia afsuni ubongoni kwa taabu kubwa, na hata aliyebobea hubeba chache tu kwa wakati mmoja. Wakizitamka, zinawatoka. Gygax aliipenda mno kazi ya Vance. Katika kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 1979 alimtaja miongoni mwa waandishi wachache waliouathiri mchezo wake moja kwa moja. Hata Vecna, mchawi mfu ambaye jicho na mkono wake vinaogopwa katika mchezo huo, ni jina la Vance lililochanganywa herufi.

Lakini kupenda riwaya hakutoshi. Gygax alisoma waandishi wengi, na mwaka 1976 alieleza katika jarida la kampuni yake aina mbalimbali za uchawi zilizoko katika fasihi: kuna ule wa matambiko marefu na vifaa vingi, kuna ule wa maneno mafupi, kuna ule wenye nguvu zisizo na kikomo. Alichagua huu kwa sababu unachezeka. Ili kuona kwa nini, inabidi turudi nyuma hadi kwenye mchezo wa vita vya sanamu.

Kabla ya Dungeons & Dragons kulikuwa na Chainmail, kanuni za kupiganisha majeshi ya sanamu ndogo mezani, zilizotoka mwaka 1971 zikiwa na nyongeza ya viumbe vya hadithi. Mchawi wa humo alikuwa mzinga unaotembea. Tufe lake la moto lilifunika eneo sawasawa na jiwe la mtambo mkubwa wa kurushia mawe, na radi yake ilipimwa kwa mzinga wa uwanjani. Katika vita vya majeshi mzinga hausumbui, kwani kila upande unao wake. Ukiuchukua mzinga huo ukauingiza kwenye pango pamoja na marafiki watatu wenye panga, umewamaliza. Watafanya nini wao, ikiwa mwenzao anaweza kulipua kila chumba?

Hesabu yenyewe inaonyesha. Kwa kanuni za wakati ule, tufe la moto hurushiwa dadu la pande 6 kwa kila ngazi ya mchawi, yaani kipimo cha uzoefu wake. Mchawi wa ngazi ya 10 hurusha madadu 10, wastani wa alama 35 za majeraha, kwa kila adui aliye ndani ya eneo la mlipuko. Mpiga upanga hurusha dadu la pande 8, wastani wa 4.5, kwa adui mmoja. Ukimwachia mchawi arudie apendavyo, wenzake wanabaki kumbebea mizigo.

Kwa hiyo kusahau ni hesabu ya risasi iliyovikwa vazi la hadithi. Afsuni ni kama ile vocha ya simu ya kukwangua: thamani yake ni kamili hadi uingize namba, baada ya hapo umeshika kipande cha karatasi. Na ukinunua ya mtandao mmoja, haikusaidii kwenye laini ya mtandao mwingine. Aliyekariri afsuni ya kufungua milango hawezi kuigeuza kuwa tufe la moto eti kwa kuwa jitu limetokea.

Kwangu hapo ndipo utamu ulipo. Uchaguzi wa asubuhi ndio mchezo wenyewe wa mchawi. Mpiga upanga huamua kila anapokabiliana na adui, lakini mchawi ameshaamua nusu ya siku yake kabla hajaiona. Lazima aulize habari, apeleleze, abahatishe. Mcheza bao anaijua hali hii kwa nyumba yake: akishaitembeza si nyumba tena, na ndiyo maana huwaza mara mbili kabla ya kuigusa.

Wapinzani nao hawakukosea. Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na afsuni moja kwa siku. Moja. Ni kweli kwamba ile ya usingizi iliweza kulaza maadui dhaifu kuanzia 2 hadi 16 kwa mkupuo, na hivyo kumaliza pambano zima. Lakini baadaye? Mtu ametoka kazini, ameacha mambo yake kuja kucheza jioni nzima, na kufikia nusu saa ya kwanza kazi yake imebaki kushika mwenge. Ken St. Andre, kijana wa Arizona, alisoma kanuni hizo, zikamchosha, akaandika zake, Tunnels & Trolls, mwaka 1975. Humo mchawi hulipia afsuni kwa nguvu za mwili wake. RuneQuest, mchezo mwingine wa aina hii wa mwaka 1978, nayo ilitumia alama za nguvu za roho. Huo ni mfumo wa salio: una kiasi fulani, unakitumia kwa lolote, kikiisha umekwama. Ni rahisi kuuelewa na unamwachia mchezaji uhuru. Ila huleta tatizo lake: mchezaji akigundua afsuni moja inayolipa kuliko zote, huirusha hiyo hiyo tangu mwanzo hadi salio linapokata.

Miaka ikapita, na kila toleo la Dungeons & Dragons likajaribu dawa yake. La tatu, la mwaka 2000, lilileta mchawi wa damu, anayejua afsuni chache lakini hahitaji kukariri. La nne, mwaka 2008, lilivunja ukuta kabisa: kila mhusika, hata mpiga upanga, akawa na mbinu za kutumia wakati wowote, za mara moja kwa pambano, na za mara moja kwa siku. Uwiano ulipatikana, lakini sasa lile swali la kusahau likamhamia askari. Iweje mtu apige pigo fulani la upanga asubuhi, kisha asiweze kulirudia hadi kesho? Kwa mchawi kulikuwa na hadithi ya kuifunika hesabu. Kwa askari hesabu ilibaki wazi. Toleo la tano, mwaka 2014, lilirudi katikati: mchawi bado huandaa orodha yake, ila nafasi zake hazifungwi na afsuni moja, na anazo ndogondogo za kurusha bila kikomo. Hashiki tena mwenge.

Hata hivyo naamini ubishi huu kwa muda mrefu umelenga mahali pasipo. Watu hubishana kuhusu kumbukumbu wakati jambo kubwa zaidi ni usingizi. Kanuni ya kusahau ina maana pale tu ambapo kukumbuka upya kuna gharama.

Angalia saa. Mwaka 1974, katika kila zamu moja ya dakika 10 ndani ya mashimo, mwendesha mchezo alirusha dadu. Ikitokea 6, viumbe wanaozurura wamewafikia. Kulala humo kulikuwa hatari kubwa. Kanuni za 1979 zilidai dakika 15 za kukariri kwa kila daraja la afsuni, yaani kipimo cha nguvu yake. Tufe la moto, la daraja la tatu, lilikula dakika 45. Afsuni moja ya daraja la tisa ilikula saa mbili na robo, baada ya mapumziko ya saa 12. Mchawi mkubwa aliyejimaliza hakuwa anarudi vitani kesho yake.

Mwaka 2000 gharama hiyo ilikuwa usingizi wa saa 8 na saa moja ya kuandaa kila kitu. Mwaka 2014, dakika moja kwa kila daraja. Bei ilishuka, na viumbe wanaozurura wakapungua kwenye meza nyingi kwa sababu waliharibu hadithi ambayo mwendesha mchezo alitaka kuisimulia. Matokeo yake yanajulikana kwa kila anayecheza: kundi linaingia chumba cha kwanza, mchawi anamwaga kila alichonacho, kisha wanafunga mlango na kulala. Kitabu cha mwendesha mchezo cha toleo la tano kilikadiria kwamba kundi lingeweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 kwa siku moja. Kundi linalolala baada ya pambano moja linamgeuza mchawi kuwa mzinga ule ule wa Chainmail, na kumlaumu kwa kuwa na nguvu kupita kiasi ni kumwonea.

Mwaka 2012 mchezo mwingine wa aina hii, Dungeon Crawl Classics, ulipita njia nyingine ninayoipenda: mchawi hurusha dadu la pande 20 kila anapotamka afsuni, na ni matokeo hayo yanayoamua kama itabaki kichwani au itamtoka hadi kesho. Hapo kusahau ni jambo la kuogopwa, halihesabiki mapema.

Kwa anayetaka uzito wa zamani bila kuacha toleo la tano, kitabu chake cha mwendesha mchezo cha mwaka 2014 kina kanuni ya hiari. Mapumziko mafupi, ambayo kwa kawaida ni ya saa moja, yanakuwa ya saa 8. Mapumziko marefu yanakuwa ya siku 7. Mchawi aliyemaliza afsuni zake hawezi kujilaza pangoni akaamka mzima. Lazima arudi mjini, akae juma zima, na adui aliyemwacha kule juu mlimani ana siku saba za kujiandaa.