Je, wajua kwa nini PhD ya masafa yenye "ithibati" inaweza kukataliwa nyumbani?

Mwaka 2004 mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, alifungua kesi dhidi ya kampuni iliyojiita Trinity Southern University. Ushahidi wake ulikuwa paka. Maofisa wake walimwombea paka huyo, Colby Nolan, shahada ya kwanza ya biashara kwa dola 299, wakajaza kwenye fomu kazi za kubuni kana kwamba ndizo alizowahi kufanya. Jibu lililorudi likasema uzoefu wake unamtosha kupewa MBA, yaani shahada ya pili ya biashara, akiongeza dola 100. Wakalipa. Cheti kikaja, na alama za masomo juu yake.

Huwa namkumbuka paka huyo kila ninapoulizwa swali hili: wapi nitasoma udaktari wa biashara na mifumo ya habari kwa masafa, chuo kiwe na ithibati? Wanaouliza si watu wa kutafuta njia ya mkato. Ni mtu wa TEHAMA benki, ni mhasibu wa SACCOS, ni mhadhiri msaidizi mwenye watoto watatu na mkopo wa nyumba. Kuacha kazi miaka minne aende ng'ambo hawezi. Nchini Kenya haja hii ilipanda sana baada ya mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ilipotaka wahadhiri wawe na PhD. Watu hawa wanastahili jibu la kweli, na jibu linaanza kwa kurekebisha swali. Usiulize tu kama chuo kina ithibati. Uliza ithibati hiyo imetolewa na nani, na huyo aliyeitoa anatambuliwa na nani.

Sababu ni kwamba neno "ithibati" lenyewe halina mwenyewe. Marekani, ambako PhD nyingi za masafa hutangazwa, serikali haikagui vyuo kwa mkono wake. Kazi hiyo hufanywa na mashirika yasiyo ya serikali, kama vile HLC ya Chicago au SACSCOC ya majimbo ya kusini. Wizara ya Elimu ya Marekani na baraza liitwalo CHEA ndio husema mashirika yapi yanaaminika. Kwa hiyo ni mnyororo: chuo kimeshikwa na shirika, shirika limeshikwa na Wizara au CHEA. Kata pete moja ya mnyororo huo na zilizobaki hazina thamani. Hakuna kinachomzuia mtu kufungua tovuti, akaiita baraza la kimataifa la ubora wa elimu, kisha likakithibitisha chuo ambacho pia ni chake.

Hilo limeshafanyika, tena kwa kiwango kikubwa. Mei 2015 gazeti la New York Times liliandika habari ndefu juu ya Axact, kampuni ya programu za kompyuta ya Karachi, Pakistani. Gazeti lilieleza mtandao wa tovuti zisizopungua 370: vyuo vya kubuni, shule za kubuni na, hapa ndipo penyewe, mashirika ya ithibati ya kubuni ya kuvithibitisha vyuo hivyo. Wanafunzi wenye furaha kwenye video walikuwa waigizaji. Wanunuzi wengine waliuziwa hata hati za uthibitisho zenye sahihi ya John Kerry, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Kampuni ilikana tuhuma hizo. Ila mtu aliyeuliza tu "mna ithibati?" angejibiwa ndiyo, na angeoneshwa karatasi.

Basi ukifungua tovuti ya chuo, usianzie kwenye picha. Shuka hadi chini kabisa, penye maandishi madogo, usome jina la shirika lililotoa ithibati. Linakili jina hilo, uliache tovuti ya chuo, uende mwenyewe kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA. Usibofye nembo iliyopo kwenye tovuti ya chuo, maana nembo inaweza kukupeleka popote mwenye tovuti anapotaka. Usitulizwe sana pia na anwani inayoishia na .edu. Tangu mwaka 2001 anwani hizo hupewa vyuo vyenye ithibati inayotambuliwa tu, lakini waliozichukua kabla ya hapo waliachiwa.

Nchi nyingine zina mnyororo mfupi zaidi. Uingereza, mamlaka ya kutoa shahada ni jambo la kisheria: hutoka kwenye Hati ya Kifalme, kwenye sheria ya Bunge, au kwa mdhibiti. Open University, ambayo ni ya masafa tangu kuzaliwa, ilipata Hati ya Kifalme mwaka 1969. Afrika Kusini kuna UNISA, inayofundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya sheria huko mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, chuo ambacho kilianza kutahini watu wasiohudhuria madarasa yake mwaka 1858. Nayasema haya kwa sababu bado kuna mabosi wanaokunja uso wakisikia neno masafa. Umbali haujawahi kuwa kasoro ya shahada.

Sasa tufike kwenye shimo ambalo hata waangalifu hutumbukia, na wa biashara hasa. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na shahada yake isiwe ya kitaifa. Ufaransa, udaktari unaotambuliwa na dola ni "doctorat", unaofanywa kwa utafiti na kutetewa mbele ya jopo. DBA, yaani udaktari wa usimamizi wa biashara, ni cheti cha shule yenyewe. Shule inaweza kuwa maarufu, walimu wake wazuri, hata ikawa na nembo ya ubora wa shule za biashara kama AACSB au EQUIS, na bado DBA yake isihesabiwe na dola kuwa udaktari wa taifa. Hispania kuna jambo linalofanana na hilo: vyuo vikuu vya kweli hutoa shahada rasmi, na pembeni hutoa vyeti viitwavyo "título propio", ambavyo ni vya chuo chenyewe. Vingi vya aina hii huuzwa mtandaoni kwa Kiingereza, kwa bei ya kuvutia, na jina la chuo ni la kweli. Hapa hakuna aliyekudanganya kuhusu chuo. Ulichonunua tu si kile ulichodhani.

AACSB na EQUIS nimezitaja kwa makusudi. Ni ithibati za ubora wa shule au programu za biashara, na zina heshima yake. Hazichukui nafasi ya mamlaka ya kutoa shahada.

Mwisho wa mnyororo uko nyumbani. Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Kenya ni CUE, Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE). Wao ndio wanaotathmini shahada ya nje na kusema inalingana na ipi ya hapa. Ukiwa na cheti kizuri kutoka chuo halali bado unaweza kukwama, ikiwa hakikuwa na tasnifu, ikiwa muda wa masomo ni mfupi mno, au ikiwa ulisomea kwenye kituo cha mshirika mjini ambacho mdhibiti wa hapa hakukiidhinisha. Kwa mhadhiri hilo ni kupandishwa cheo au kutopandishwa. Kwa hiyo waandikie kabla hujalipa hata ada ya fomu. Taja jina la shahada neno kwa neno kama litakavyochapwa kwenye cheti, jina la chuo kinachoitoa, na kwamba utasoma kwa masafa. Majibu yakija, yahifadhi.

Ukishavuka hapo linabaki swali ambalo matangazo hayaligusi: somo lenyewe linakaa idara gani? Mifumo ya habari iko katikati. Chuo kimoja huiweka shule ya biashara, kingine huiweka kompyuta. Nova Southeastern ya Florida, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na PhD ya mifumo ya habari kwa watu walio kazini, huitolea upande wa kompyuta. UNISA wana njia mbili: utafiti wa mifumo ya habari upande wa kompyuta, na udaktari wa uongozi wa biashara katika shule yao ya Midrand. Tuseme unataka kujua kwa nini mwenye duka Kariakoo ana namba ya kupokea malipo kwa simu, imebandikwa ukutani, na bado anasema "lipa taslimu tu". Swali lako likiwa juu ya makato, hofu ya kodi na uaminifu, nenda biashara. Likiwa juu ya namna mfumo ulivyosanifiwa na kulindwa, nenda kompyuta. Ukikosea mlango utapewa msimamizi asiyelijua swali lako, na katika uzamivu wa masafa msimamizi ndiye darasa, ndiye maktaba, ndiye kengele ya saa.

Usisahau pia kilicho karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hutoa PhD kwa njia ya tasnifu, na kwa Mtanzania suala la kulinganishwa halipo kabisa. Nashangaa jinsi watu wanavyokipita wakikimbilia majina ya mbali.

Msimamizi unamchunguzaje? Vyuo kama UNISA na Chuo Kikuu Huria huweka tasnifu za wahitimu wao mtandaoni, bure. Tafuta za somo lako, uone jina la nani linajirudia kama msimamizi, na tangu mwaka gani. Kisha fungua ukurasa wa shukrani, ule ambao wengi huuruka. Hapo mwanafunzi anaandika akiwa ameshamaliza, hana tena cha kuomba. Utakuta anayeshukuru kwa sentensi moja ya adabu, na utakuta anayeeleza kwamba msimamizi alisoma sura ya nne mara tatu, akapiga simu usiku umeme ulipokuwa umekatika, akakataa kumruhusu awasilishe hadi takwimu zikae sawa. Huyo wa pili ndiye wa kumwandikia barua pepe.