JavaScript ya kwenye kivinjari ni nini, na kazi yake inafanyikia wapi?

Vijana ninaowafundisha hapa Goma huanza na swali lile lile: ili niandike JavaScript, niweke programu gani kwenye mashine? Huhitaji kuweka chochote. Kivinjari ulicho nacho, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome au Firefox, kinaielewa lugha hiyo tayari. Andika kodi, yaani maagizo ya programu, kati ya <script> na </script> kwenye faili ya kawaida ya maandishi, uipe jina linaloishia na .html, kisha uifungue kwa kivinjari. Hata mega za intaneti zikiisha, unaendelea kujifunza.

JavaScript ni lugha ya kukipa kivinjari maagizo. HTML inaweka vitu kwenye ukurasa, CSS inavipamba, JavaScript inavifanya viitike mtu anapobonyeza au kuandika. Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, na toleo la kwanza lilimchukua siku 10. Si Java, ambayo ni lugha nyingine kabisa. Jina lilifananishwa tu kwa sababu Java ilikuwa inavuma wakati huo, kwa hiyo usipoteze pesa kwa kitabu cha Java.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike ni mahali kazi inapofanyikia. Chukua duka la vitenge la Birere, hapa Goma, lenye ukurasa wa kugeuza bei kutoka dola kwenda franka. Mteja akiufungua, kodi yote inashuka kwenye simu yake, na hesabu inafanyika humo humo, si kwenye seva ya duka, yaani kompyuta inayotoa ukurasa huo. Ndiyo maana jibu linatoka papo hapo bila kula mega nyingine. Lakini kilicho kwenye simu ya mteja, mteja anaweza kukisoma na kukibadilisha. Usifiche nywila ndani ya JavaScript ya ukurasa, hata mara moja. Na bei iliyotoka kwenye simu, seva lazima iihakiki upya kabla ya kupokea malipo.

Swali jingine: mbona kitufe changu hakipatikani, naambiwa ni null, yaani hakuna kitu? Kivinjari husoma ukurasa kuanzia juu kwenda chini. Kodi ikikaa juu, inakitafuta kitufe ambacho bado hakijawekwa. Ishushe hadi kabla tu ya </body>, mwisho wa yaliyomo kwenye ukurasa, au, kama iko kwenye faili yake, ongeza neno defer kwenye <script> ili isubiri ukurasa usomwe wote.

Hesabu nazo zinawatesa wengi. Mteja anaandika 20, unaongeza 5 za usafiri, ukurasa unaonyesha 205. Kisanduku cha kuandikia hutoa maandishi, si namba, na alama ya + ikikuta maandishi inayaunganisha. Kinachopotosha zaidi ni kwamba kuzidisha kunafanya kazi vizuri: "20" * 2 inatoa 40, nawe unaamini kila kitu kiko sawa. Geuza kwanza kwa Number(), ndipo ujumlishe.

Kodi ikikosea, mara nyingi ukurasa unanyamaza tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawana kipaji. Kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua konsoli (Console), sehemu ambayo kivinjari huandika makosa. Utaona maandishi mekundu yenye jina la faili na namba ya mstari. Shughulikia kosa la juu kabisa kwanza, kisha fungua ukurasa upya, kwa sababu mara nyingi yaliyo chini yake yamezaliwa na hilo.