Mndimu Ndani ya Nusu Pipa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye kauwanja ka kuanikia nguo tu hutuuliza kama wanaweza kupata ndimu zao wenyewe. Wanaweza. Pipa la plastiki la lita 200 likikatwa katikati linatoa vyombo viwili, na kila kimoja kinamtosha mndimu au mkomamanga. Mfenesi usijaribu. Uliza kwanza pipa lilibeba nini. Lililobeba kemikali liache hukohuko dukani.

Nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Utautambua kwa kovu kwenye shina, juu kidogo ya udongo. Huo huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, ilhali mche wa mbegu unaweza kukuchelewesha hata mara mbili ya hapo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu ling'oe mapema, maana hilo ni la ule mti wa chini uliobeba mche wako, na matunda yake siyo uliyoyalipia.

Miti ya kwenye vyombo hufa zaidi kwa kuoza mizizi kuliko kwa kiu. Toboa matundu sita hadi manane chini ya pipa, upana wa kidole gumba, kisha uliinue juu ya matofali. Wengi hutandika kokoto chini wakidhani maji yatapita upesi. Hapana. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu yake mpaka udongo ulowe chapachapa, palepale mizizi ilipo. Jaza mchanganyiko uleule kutoka chini hadi juu: udongo wa juu, samadi iliyooza vizuri, na mchanga au maganda ya mpunga ya kuulegeza. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Ukikuta unyevu, ahirisha.

Tatizo jingine la mjini ni visima vya maji ya chumvi. Jamii ya michungwa haivumilii chumvi: ncha za majani hukauka kama zimeunguzwa, na ukoko mweupe hutokea juu ya udongo. Kinga maji ya mvua uyatunzie mti, na masika yakianza acha yamwagike ndani ya pipa mpaka yatokee chini kwa wingi, yasafishe chumvi. Usiweke sahani ya kukusanya maji hayo. Mbu wa dengi, aliyelisumbua jiji hili mwaka 2019, huzaliana humo humo.

Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, kitazame tena. Ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa, na wachache tu wanaweza kuumaliza mche mchanga. Ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, hana sumu. Muokote kwa mkono. Kwa mti mmoja, hela ya dawa ni ya nini?