Bei mbili za kripto: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

"Nimeibiwa, nimenunua dakika hii hii na hela imeshapungua"

Hii nimeisikia kuliko zote. Nafanya uwakala wa pesa za simu hapa Mtwara mjini, na malipo ya korosho yakishaingia vijana wanakuja kuweka hela wakanunue kripto, yaani sarafu za mtandaoni kama Bitcoin au USDT (ile ambayo moja inatakiwa ilingane na dola moja), halafu haipiti hata robo saa mtu karudi macho yamemtoka anakuonesha simu, kaweka laki nne na sasa hivi inasoma laki tatu na themanini na kitu. Hata mimi mara ya kwanza ilinikuta hivo hivo, nikakaa siku mbili nawaandikia watu wa huduma kwa wateja wa aplikesheni moja nadai hela yangu, na nilikuwa na hasira kweli kwa sababu ile hela ilikuwa ya mama.

Ukweli ni kwamba sokoni hamna bei moja, zipo mbili, ya wewe kununulia na ya wewe kuuzia, na ya kununulia ndo kubwa siku zote. Nenda mpakani Kilambo na shilingi zako ubadilishe upate metikali, kisha geuka hapo hapo umrudishie yule yule metikali zake akupe shilingi, hutapata ulizokuja nazo, na hakuna anayesema kaibiwa kwa sababu tunajua yule ndo kazi yake, anakaa na hela za pande mbili juani akisubiri wewe uje. Kwenye kripto ni vile vile ila mbadilishaji humuoni. Hiyo tofauti wenye soko wanaiita spredi, sisi huku tumezoea kusema gepu.

Tuchukulie USDT moja unanunua kwa 2,720 na ukitaka kuuza papo hapo wanakupa 2,600. Laki nne yako inakupa kama USDT 147, ziuze muda huo huo unapata kama 382,000. Elfu kumi na saba na kitu imeenda na bei haijasogea hata shilingi. Ili urudishe laki nne yako tu, bila faida yoyote, bei ya kuuzia lazima ipande kutoka 2,600 mpaka 2,720, yaani karibu asilimia 5. Mtu anayekwambia "nunua leo uza kesho" muulize kama hiyo asilimia 5 kaihesabu.

Na ujue kuna aplikesheni zinakuonesha salio kwa bei ya katikati, sio ya kuuzia. Hizo ukinunua hela haipungui machoni, unalala vizuri, halafu siku unayobonyeza uza ndo unakutana nayo. Kwa maoni yangu hizo ni mbaya zaidi kuliko zile zinazokuonesha kidonda mapema.

"Hii ni bure, hawakati hata mia"

Jamani. Mtoto wa mkulima wa korosho ndo wa mwisho kudanganywa na hii kauli na bado tunadanganywa.

Wewe unajua kabisa bei ya mnada sio bei inayoingia mfukoni. Inatangazwa bei ya juu kilo ilivyonunuliwa, kila mtu anafurahi, halafu kuna ushuru, kuna sehemu ya chama kikuu, kuna ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), kuna usafirishaji, na kinachokufikia ni kingine. Angalau pale makato yanatajwa, unaweza kusimama mkutanoni ukauliza hii ni ya nini. Aplikesheni inayosema "makato sifuri" imefanya kitu kimoja tu, imehamishia makato yake ndani ya bei. Badala ya kukwambia nakukata elfu kumi, inakuuzia juu kidogo na kununua kwako chini kidogo, na hiyo elfu kumi inaipata vizuri tu ila huna risiti yake.

Ndo maana kwenye masoko makubwa utakuta njia mbili. Kuna ile ya kubonyeza kitufe kimoja cha kununua haraka, bei imeshapangwa, na kuna ule ukurasa wa soko lenyewe wenye safu ya namba nyekundu na kijani, yaani bei za wauzaji na za wanunuzi, ambao wengi wanaukimbia kwa sababu unatisha. Binance kwa mfano, soko kubwa la kripto mtandaoni, kwenye soko lake la kawaida kiwango cha kuanzia ni asilimia 0.1 kwa kila muamala, na gepu la Bitcoin kwa USDT pale huwa dogo sana, yaani ukinunua na kuuza papo hapo unapoteza kama asilimia 0.2 basi. Wanaotaja makato ndo wakawa nafuu kuliko wanaosema bure. Sio kila mahali iko hivo, lakini ndo kitu cha kwanza ningemwambia mdogo wangu, asiangalie neno "bure", aangalie bei mbili kwa wakati mmoja, ya kununua na ya kuuza, atoe moja kwa nyingine.

Na zile mashine za Bitcoin kama za Marekani, unaingiza noti unapewa kripto, usizitamani, pale asilimia 10 na zaidi kwenda ni jambo la kawaida.

"Bei ya Bitcoin ni moja dunia nzima, ipo Google"

Hapana. Namba unayoiona kwenye tovuti za bei ni wastani wa masoko mengi, na kila soko lina watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Korea Kusini Bitcoin ilikuwa inauzwa juu ya nchi nyingine kwa asilimia 40 hivi na kuna siku zaidi, kwa sababu Wakorea walikuwa wanaitaka sana na sheria zao za fedha zilifanya iwe ngumu mtu wa nje kupeleka mzigo akauze pale. Tarehe 8 Januari mwaka huo tovuti ya CoinMarketCap ikayatoa baadhi ya masoko ya Korea kwenye hesabu yake ya wastani, na bei iliyokuwa inaonekana kwenye skrini za watu ikashuka ghafla, watu wakashtuka kabisa, wakati hamna aliyeuza kitu, kilichobadilika ni hesabu.

Kwa hiyo ukija kwangu na simu unasema "mbona hapa inasoma bei hii na yule ananiuzia bei ile", jibu ni kwamba ile ya kwanza sio bei ya mtu yeyote. Hakuna aliyekaa pale akakuuzia kwa wastani.

"USDT ni dola, kwa hiyo bei yake ni ile ya benki"

Hapa nakaa kidogo maana ndo pesa za wengi huku zinapopotelea.

Wengi wetu hatununui moja kwa moja kutoka sokoni, tunanunua kwa mtu, kwa njia ya P2P. Unamkuta muuzaji kaandika bei yake, unamtumia hela kwa simu, jukwaa limeshikilia zile USDT zake mpaka athibitishe kapokea, ndo zinaachiwa kwako. Bei anapanga yeye. Jukwaa halipangi, na Benki Kuu wala haihusiki, na kumbuka Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba fedha halali nchini ni shilingi na hizi sarafu za mtandaoni hazikubaliki, na kwenye Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Nayasema haya mawili pamoja kwa sababu watu wanashika moja wanaacha lingine.

Sasa yule muuzaji kwenye bei yake kaweka nini. Kaweka gharama ya kutoa hela kwa wakala, kaweka kwamba laini yake ina kikomo cha siku, kaweka hatari ya kutumiwa meseji feki ya muamala, kaweka na faida yake. Ukija kuuza, mnunuzi naye kaweka yake kwa upande wa pili. Ndo maana gepu la P2P kwa shilingi ni kubwa kuliko lile la sokoni, na sioni kama ni dhambi, ni kazi. Ila wewe linganisha. Angalia wauzaji watano sita wenye miamala mingi iliyokamilika, usichukue wa kwanza juu kwa sababu ana bei nzuri, angalia na kiwango chake cha chini, maana kuna bei tamu ambazo ukifungua unakuta anauza kuanzia milioni tano. Na ukiwa wewe ndo unauza angalia salio lako lenyewe na jina la aliyetuma, usiangalie meseji. Nimeshaona dada kalia hapa hapa kwenye benchi langu kwa sababu ya meseji.

Na hata hiyo "ni dola" yenyewe ina siku zake. Machi 2023 ile USDC, sarafu nyingine ya kulingana na dola kama USDT ila ya kampuni nyingine, ilishuka mpaka senti 88 hivi za dola baada ya Silicon Valley Bank, benki ya Marekani, kuanguka, kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye benki hiyo. Baada ya siku chache ikarudi, lakini aliyeuza siku ile aliuza kwa 88.

"Nanunua kule rahisi nauza huku ghali, hela ya bure"

Wapo wanaofanya, wana mitambo na mitaji mikubwa. Wewe ukiona tofauti ya asilimia 1 kati ya masoko mawili toa gepu la kule, toa gepu la huku, toa makato mara mbili, toa ada ya kuhamisha ambayo mara nyingi haijali unahamisha kidogo au kingi, halafu muda mzigo upo njiani bei inakimbia. Mara nyingi hakibaki kitu.

"Gepu ni lile lile siku zote"

Siku tulivu ndo dogo. Machi 12 na 13 mwaka 2020, wakati corona imeanza kutisha dunia, Bitcoin iliporomoka karibu nusu ndani ya siku mbili, na siku kama hizo wale wanaoweka bei za kununua na kuuza wanajiondoa ili wasiumie, gepu linapanuka, na anayebonyeza uza kwa hofu anauza kwa bei ambayo hata hakuiona. Sisi tunalijua hili. Mwaka 2018 si wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei mnadani? Wanunuzi walikuwa na yao, wakulima na yao, katikati hapakuwa na kukutana na korosho zikakaa, mpaka serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo. Gepu likiwa kubwa mno biashara inasimama, na bei iliyoandikwa inakuwa maandishi tu.

"Sarafu ya bei ndogo haina hasara, ni sifuri sifuri tu"

Hii inaniuma maana imemkuta binamu yangu. Tuchukulie sarafu inauzwa 0.00012 na inanunuliwa 0.00010, jicho linaona tofauti ni hamna kitu, kumbe ukinunua na kuuza umepoteza karibu asilimia 17. Angalia asilimia, achana na sifuri.

Na kuna kina cha soko, yaani kwenye kila bei kuna vipande vingapi, hiki watu hawakiangalii kabisa. Tuseme anayeuza kwa shilingi 10 ana vipande 500 tu, anayefuata ana 1,000 kwa shilingi 11, anayefuata ana 5,000 kwa 13. Wewe umeona bei 10 ukabonyeza nataka 3,000 kwa oda ya soko, yaani nipe sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Umelipa 35,500, kila kipande kimekusimamia karibu shilingi 12. Ni kama kwenda feri umesikia pweza bei fulani, kumbe ni kwa wale wawili wa mwanzo.

Dawa yake ni limiti oda, unaandika bei yako unasubiri, na hapa napo kuna uongo kwamba ukitumia limiti gepu limeisha. Halijaisha, umebadilisha gharama ya hela kuwa gharama ya kusubiri, na inawezekana usipate kabisa, bei ikaondoka ukabaki unaiangalia. Mwenye shida leo hana hiyo nafasi, kama vile mwenye mgonjwa ndani anavyouza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, kabla ya msimu huku anajua kabisa mnada utalipa zaidi.

Binamu yangu yeye alinunua vipande vingi vya sarafu moja ya bei ndogo kwa oda ya soko usiku mmoja. Tukakaa naye nikamuonesha ule ukurasa wa namba nyekundu na kijani, upande wa wanunuzi kulikuwa na mtu mmoja kwa shilingi 9 anataka 2,000, chini yake hamna mpaka 7. Akaweka limiti ya 9, zile 2,000 zikaenda hapo hapo. Zilizobaki kaziandikia 10, leo ni wiki ya tatu, kila jioni akitoka shamba anapita kibandani tunafungua tunaangalia.