Konekisheni, kipaji na sura: yanayoaminiwa kuhusu kuigiza filamu, na ukweli wake

Kijana anayetamani kuigiza filamu, awe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, huambiwa neno moja kabla ya mengine yote: bila konekisheni hufiki popote. Husema hivyo jirani, husema hivyo mjomba, na husema hivyo hata waigizaji waliokata tamaa, na wengi wenye uwezo wamebaki nyumbani wakisubiri mtu mkubwa awashike mkono. Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Nafasi nyingi katika filamu na tamthilia zetu hazitangazwi. Mwongozaji mwenye bajeti finyu, ambaye lazima aanze kupiga picha baada ya wiki mbili na bado hajapata waigizaji kumi, hana muda wala fedha za kusaili watu mia nne, huwageukia walio karibu naye na kuuliza, "Mnamjua nani?"

Kosa liko katika kudhani kwamba anayeulizwa swali hilo ni nyota wa filamu au mtu mwenye fedha. Katika miaka niliyofanya kazi ya kupanga ratiba na kuita waigizaji, walioulizwa mara nyingi zaidi walikuwa msaidizi wa mwongozaji, msimamizi wa mavazi, fundi sauti, mtaalamu wa mekapu na yule anayeandika mwendelezo wa kila sini, yaani kila kipande cha hadithi, ili matendo yafanane picha inaporudiwa. Hao ndio wanaojua nani alifika saa kumi na mbili kamili asubuhi na nani alifika saa tatu akilalamikia foleni, nani alikuwa amekariri maneno yake na nani alitamkiwa sentensi moja baada ya nyingine mpaka jua likazama. Namkumbuka dada mmoja aliyepewa nafasi ya muuguzi mwenye sentensi tatu tu. Katika picha ya kwanza alishika faili kwa mkono wa kushoto na kuliweka mezani alipotamka neno "daktari". Kamera ilipohamishwa na sini ikarudiwa mara sita, kila mara faili lilitua mezani kwenye neno lile lile. Aliyekuwa akiandika mwendelezo hakusema kitu siku hiyo. Miezi michache baadaye, tulipokuwa tukitafuta wa kuigiza mke wa mhusika mkuu katika kazi nyingine, jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la dada huyo.

Ukiangalia njia walizopita wale tunaowajua, utaona jambo hilo hilo kwa sura tofauti. Steven Kanumba, kabla ya kuwa jina kubwa Afrika Mashariki, alikuwa kijana mmoja miongoni mwa wengi katika kundi la Kaole, lililotengeneza michezo ya kuigiza iliyorushwa na televisheni ya ITV ya Tanzania. Vincent Kigosi naye alitokea huko. Kundi lile lilikuwa shule na konekisheni kwa wakati mmoja, kwa maana waliojifunza pamoja wakiwa hawana jina ndio walioendelea kuitana filamu za video ziliposhamiri. Lupita Nyong'o, ambaye watu husimulia habari zake kana kwamba alishuka Marekani na kuonekana siku hiyo hiyo, alianza na kazi za chini katika utayarishaji, ikiwa ni pamoja na kuwa msaidizi katika filamu ya The Constant Gardener iliyopigwa picha Kenya na kutoka mwaka 2005. Mwaka 2009 aliigiza katika tamthilia ya Shuga, akasoma uigizaji Yale mpaka mwaka 2012, na ndipo filamu ya 12 Years a Slave ikamletea tuzo ya Oscar mwezi Machi 2014. Ni kweli anatoka katika familia inayojulikana sana Kenya, na sioni sababu ya kulificha hilo; lakini jina la baba halikuigiza kwa niaba yake mbele ya kamera. Joseph Wairimu naye alitunukiwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012 kwa filamu ya Nairobi Half Life, kazi iliyotokana na mradi wa kuwafunza watengenezaji filamu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kuwatafuta kwanza wanaolingana naye. Wanafunzi wa filamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, wa Chuo Kikuu cha Kenyatta au wa KIMC, chuo cha mawasiliano ya umma mjini Nairobi, wanahitaji waigizaji wa kazi zao za masomo, na mara nyingi hawana fedha za kulipa zaidi ya nauli na chakula. Nenda. Mwanafunzi anayeshika kamera leo, baada ya miaka mitano ataongoza tamthilia, naye atawaita watu aliowazoea. Nenda pia kwenye matamasha, hasa lile la nchi za jahazi, ZIFF, linalofanyika Zanzibar tangu miaka ya mwisho ya tisini, ambako baada ya filamu kuonyeshwa watengenezaji wake hukaa na kuzungumza na watazamaji. Ukikutana na mwongozaji pale Ngome Kongwe, muulize kuhusu kazi uliyoiona, usimwombe nafasi. Atakayekumbukwa ni yule aliyeuliza kwa nini sini ya mwisho ilipigwa bila muziki, kwani waliosema "nisaidie na mimi" siku hiyo walikuwa wengi kiasi cha kutohesabika.

Baada ya kukutana, andika ujumbe mmoja mfupi wenye adabu, mchana, na usimpigie simu usiku. Unaweza kuandika hivi: "Shikamoo kaka. Tulifanya kazi pamoja Kigamboni mwezi wa tatu, nikiigiza dereva wa bodaboda. Nimemaliza filamu fupi wiki hii, na kipande cha dakika moja nimekiambatisha. Nashukuru kwa muda wako." Kisha nyamaza mpaka utakapokuwa na kazi nyingine mpya ya kumwonyesha. Ujumbe wa kila Jumatatu unaouliza "vipi, kuna nini?" huchosha, na mtu aliyechoshwa hujifunza kutosoma.

Dhana ya pili ni kwamba uigizaji ni kipaji cha kuzaliwa nacho, hivyo anayekwenda kusoma anapoteza muda. Kipaji kipo, na sitakataa kwamba kuna watu ambao kamera inawapenda tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, kazi ya filamu ina ufundi wake, na hakuna anayezaliwa akiujua. Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Hupigwa kwa mpangilio wa lokesheni, yaani mahali pa kupigia picha, hivyo unaweza kuigiza mazishi ya mumeo saa mbili asubuhi na harusi yenu saa nane mchana, kwa sababu tu nyumba imekodiwa kwa siku moja. Lazima ujue mhusika wako ametoka wapi na anajua nini katika kila sini, la sivyo utalia machozi ya msiba ambao hujaupata bado. Lazima usimame kwenye alama iliyobandikwa sakafuni bila kuitazama, usubiri sekunde moja kabla ya kutamka ili mhariri apate mahali pa kukata, na urudie tendo lile lile kwa mkono ule ule.

Wengi wanaotoka jukwaani, na zaidi wale waliokulia katika vichekesho vya mitaani, huleta sauti ya kumfikia mtazamaji wa safu ya mwisho. Kamera ikiwa karibu na uso, mtazamaji wa safu ya mwisho yuko sentimita chache tu kutoka kwenye kope zako. Kuinua nyusi kidogo kunatosha kusema "sikuamini". Zoezi rahisi ni kujirekodi kwa simu ukisema sentensi moja kwa njia tatu, kila mara ukipunguza, kisha utazame bila sauti. Ukielewa hisia bila kusikia neno, na uso haujajikunja, umeanza kukaribia. Si lazima chuo kiwe cha miaka mitatu. Warsha ya wiki moja na kundi linalokutana kila Jumamosi kusoma skripti vinaweza kukufikisha mbali, mradi kuna mtu wa kukusahihisha.

Kuhusu sura na wafuasi wa mtandaoni, nitasema machache. Wafuasi wengi humvutia mtayarishaji anayefikiria mauzo, na kuna nafasi zinazotolewa kwa sababu hiyo. Lakini hadithi inahitaji bibi, kondakta, mwalimu mkali, mganga na mwizi wa kuku, na nyuso hizo hazipatikani katika picha zilizolainishwa kwa programu ya simu. Picha zako za kutuma ziwe mbili, moja ya uso na moja ya mwili mzima, zenye mwanga wa kawaida, zikufanane wewe utakayeingia mlangoni. Taja pia lugha na lahaja unazozimudu. Kijana anayezungumza Kipemba, Kiamu au Kimvita bila kuigiza lafudhi ana mali ambayo mwenzake wa bara haipati kwa mwezi mmoja wa mazoezi. Filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, inayosimulia Zanzibar ya miaka ya hamsini, ni mfano wa kazi ambayo isingesimama bila Kiswahili cha mahali pake.

Usaili ndipo dhana potofu zinapoumiza zaidi. Wengi huamini kwamba aliyekosa nafasi ameonekana hafai. Nimekaa upande wa pili wa meza, na ninaweza kusema kwamba mara nyingi uamuzi hauhusu ubora kabisa: msichana mzuri kuliko wote huachwa kwa sababu ni mrefu kuliko mwanamume atakayeigiza naye, au hafanani na mama wa hadithi aliyekwisha kupatikana. Aliyeachwa kwa sababu hiyo hubaki kwenye daftari, na huitwa siku nyingine, iwapo hakuondoka kwa hasira wala kwenda kuandika mtandaoni kwamba usaili ulikuwa wa kupeana.

Siku hizi usaili wa kwanza hufanyika kwa video ya simu, na hapa watu hujikosesha kwa mambo madogo. Laza simu kwa ubavu ili picha iwe pana, uiweke kwenye kitu imara, simama mbele ya ukuta mtupu, na uelekee dirisha ili mwanga ukuangukie usoni badala ya kutokea mgongoni. Zima feni. Picha ianzie kifuani kwenda juu. Anayekusomea maneno ya mhusika mwingine akae ubavuni mwa simu, asome polepole na kwa sauti ya chini kuliko yako, nawe umtazame yeye, si kamera. Sema jina lako, mji ulipo, urefu wako na umri unaoweza kuuigiza, kisha anza. Usiweke muziki, usiweke maandishi yanayoruka, na usome maelekezo mara mbili, kwa sababu aliyeombwa video ya dakika mbili akatuma ya dakika tisa amekwisha kujibu swali la kama anafuata maelekezo.

Liko jambo moja ambalo nalisema kwa uchungu. Watu wamezoea kuamini kwamba kulipia usaili ni kawaida, na kwamba msichana anayetaka nafasi "lazima aelewe mambo". Yote mawili ni uongo. Anayekutoza ada ya fomu ya usaili, au anayekuambia ununue nafasi katika filamu ambayo haina skripti, anafanya biashara ya matumaini yako. Mtayarishaji wa kweli hutafuta waigizaji ili awalipe. Na anayedai mwili wako anafanya kosa la jinai. Nchini Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamgusa mwenye mamlaka anayeweka ngono kuwa sharti la ajira au upendeleo, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Usaili usifanyike chumbani hotelini wala usiku nyumbani kwa mtu. Nenda na mwenzako, mwambie mtu wa nyumbani ulipo, na usifute ujumbe uliotumiwa, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Mwenye umri chini ya miaka 18 asiende bila mzazi au mlezi.

Mwisho ni mkataba, ambao wengi huona aibu kuuomba wakidhani wataonekana wajeuri. Mtayarishaji makini huuleta mwenyewe. Uandike idadi ya siku za kazi, kiasi cha malipo na tarehe ya kulipwa, nani anagharimia nauli na chakula, jina lako litakavyoandikwa, na picha zako zitatumika wapi: televisheni, intaneti, au pia kwenye tangazo la bidhaa, ambalo linastahili malipo yake peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Lakini msaidizi wa mwongozaji hawezi kukutetea kwa ahadi mliyopeana mdomoni nje ya geti. Soma, uliza usichokielewa, weka saini kabla kamera haijawashwa, na uondoke na nakala yako siku hiyo hiyo. Wakikosa nakala, piga picha kila ukurasa kwa simu ukiwa bado umesimama pale mezani.