Kupasha nyumba joto kwa mashine za Bitcoin: maana yake, na kama lina kazi Uganda

Mashine inayochimba Bitcoin, sarafu ya kidijitali, haichimbi chochote. Inakisia namba, basi. Antminer S9, iliyotoka mwaka 2016, hukisia mara trilioni 13 hivi kila sekunde, ikishindana na mashine nyingine duniani kote, na kila baada ya dakika 10 au karibu hapo mshindi mmoja huzawadiwa. Zawadi hiyo imekuwa Bitcoin 3.125 tangu Aprili 2024, kabla ya hapo ilikuwa mara mbili.

Umeme unaoingia humo, wati 1,300 hivi kwa S9, karibu wote hutoka ukiwa joto. Hakuna kinachozungushwa wala kuinuliwa isipokuwa feni, ambazo kelele zake hazikuachi ulale. Kwa hiyo mashine hiyo ni hita ya umeme ya wati 1,300, tofauti ni kwamba inarudisha senti mbili tatu. Kupasha nyumba kwa uchimbaji ni kuielekeza hewa hiyo ya moto chumbani, au kuipitisha kwenye maji, badala ya kuitoa nje.

Kwenye nchi za baridi wazo hili lina mantiki, kwa sababu watu wangelipia joto hata hivyo. Mwaka 2024 Marathon, kampuni ya kuchimba Bitcoin, ilianza kupasha maji yanayopita kwenye mabomba kupeleka joto majumbani katika mji mmoja wa eneo la Satakunta, Finland, wenye wakazi wapatao 11,000. Brooklyn, New York, kuna nyumba ya kuogea ambayo mabwawa yake hupashwa hivyo hivyo.

Sasa Uganda. Kampala hakuna anayetafuta hita, anatafuta feni. Lakini Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na wapo wanaoingiza sigiri chumbani na kufunga madirisha. Gesi ya mkaa huua watu usingizini. Mashine ya umeme haitoi gesi hiyo, na hapo ndipo sifa yake inapoishia, maana hesabu inakataa. S9 ikiwaka kutwa kucha inakula yuniti 31. Umeme wa nyumbani ukiwa zaidi ya shilingi 700 kwa yuniti, Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, itameza shilingi 22,000 hivi kwa siku, na siku hizi mapato ya mashine hiyo kwa siku, kwa wastani, hayafiki dola moja, yaani kama shilingi 3,600. Blanketi zito ni rahisi zaidi.

Mimi ningeliangalia joto hili kwenye banda la kuku kuliko sebuleni. Vifaranga vya wiki ya kwanza vinataka nyuzi joto 32 hadi 35, mchana na usiku, na wafugaji wengi huchoma mkaa kwa ajili hiyo. Hata huko, hesabu itakaa sawa tu kwa mwenye umeme wake wa bei ya chini, mathalani mtambo mdogo wa maji ambao umeme wake wa usiku hauna mnunuzi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji yake yenyewe.

Kuna na jambo la pesa. Tangu 2022 Benki Kuu ya Uganda imezikataza kampuni za malipo kubadilisha sarafu hizi kuwa pesa za simu. Mfugaji atapata joto leo, lakini hiyo dola yake moja kuifikisha kwenye simu ni shughuli nyingine.